Helmeti ya Mama Mkwe

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Nicanor ni vidole vyake viwili, vilivyonijia chini ya kidevu kabla sijajua hata jina lake. Nilikuwa nimepanda pikipiki yake katika steji ya Ayany, kituo cha pikipiki huko Kibera, nikielekea Kawangware ambako nilikuwa nimepata kazi ya kujitolea katika maktaba ndogo ya watoto. Alinivisha helmeti, akaufunga mkanda, akapenyeza vidole hivyo kati ya mkanda na ngozi yangu, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyelirudia neno hilo hadi likaisha ladha:

"Meza mate."

Nilimeza. Akaulegeza mkanda kidogo, akaniambia nimeze tena. Nyuma yetu waendeshaji wenzake walikuwa wakicheka.

"Meza Mate! Kastoma anachelewa kazi, wewe bado unampima koo!"

"Muandikie na dawa, daktari!"

Nicanor aliwasha pikipiki. Alikuwa mwanamume mnene wa mabega, mwenye macho mekundu ya vumbi, na uso wake ulikuwa na uchovu wa mtu anayewaomba watu kitu kilekile kutwa nzima huku kila mmoja akimwona msumbufu. Tulipoondoka nilimuuliza kwa nini anaitwa hivyo. Hakusikia. Aligeuza kichwa akaniambia niseme upande wa kulia, kwa sababu wa kushoto hauna mtu.

Baadaye, nilipokuwa nimeshakuwa abiria wake wa kila siku, alinieleza habari ya sikio hilo. Alitoka kijijini kwao Shinyalu baada ya darasa la nane, akafanya kazi za mjengo Kilimani na Lavington. Jioni moja alikuwa akirudi Kibera kama abiria, nyuma ya pikipiki ya mtu asiyemjua. Gari liliwakwaruza karibu na Dagoretti Corner, wakaanguka wote wawili. Mwendeshaji alikuwa na helmeti. Aliinuka, akajipangusa suruali, akaanza kugombana na mwenye gari. Nicanor hakuwa na kitu kichwani. Aliamka hospitalini, na tangu siku hiyo sikio la kushoto husikia upepo tu, hata pasipokuwa na upepo. Mjengo haukumtaka tena, kwa sababu mtu aliye chini lazima asikie anapoitwa na aliye juu. Ndipo akaingia kwenye pikipiki.

"Na ulipoanza ulikuwa na helmeti ya abiria?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nayo. Wenyewe ndio hawakuitaka."

Kukataliwa huko ndiko kulikomzeesha. Miaka michache iliyopita kikundi cha wafadhili kilikuja Ayany na hema, viti na vipaza sauti. Kila mwendeshaji wa steji alipewa helmeti ya abiria na kizibao chenye mistari inayong'aa gizani. Picha zikapigwa, watu wakapiga makofi, hema likakunjwa. Vizibao vilipendwa kwa muda, hasa asubuhi za baridi. Helmeti zilijitafutia kazi nyingine. Moja ilibebewa mayai ya kupeleka kioski. Nyingine iligeuzwa kiti cha kuchezea drafti. Morris, mwenyekiti wa steji, aliitundika yake kwenye msumari kibandani, na bado iko hapo.

"Si eti sisi ni watu wabaya," Morris aliniambia. "Abiria mwenyewe hataki. Ukimlazimisha, anapanda ya jirani. Sasa ulale njaa kwa sababu ya kichwa cha mtu mwingine?"

Nimesimama katika steji ile asubuhi nyingi, na ninaweza kusema kwamba Morris hakuwa akitunga. Mwanamke mmoja, aliyevaa suti ya kazini, alimrudishia Nicanor helmeti kabla haijagusa nywele zake.

"Bro, hizi nimeketi kusukwa jana mpaka mgongo ukakauka. Unataka zilale kama nyasi?"

"Madam, ni ya usalama."

"Mimi naenda tu hapo Olympic!"

"Hata hapo Olympic kuna lami, madam."

Aliondoka na pikipiki nyingine. Aliyemfuata, kijana aliyevaa tai, aliinusa helmeti kwanza. "Na ukinipatia mapunye?" aliuliza. Nicanor alishusha pumzi, akaitoa leso mfukoni, akaipangusa helmeti ndani, ingawa alikuwa ameipangusa muda mfupi kabla. Kijana akavaa, akamezeshwa mate, wakaenda. Hivyo ndivyo siku zake zilivyokuwa: kila safari ilianza na kesi, na mara nyingi alishindwa.

Jumapili alikuwa akizifua. Alizikusanya helmeti za abiria ambazo wenzake hawakuzitumia, akazibeba kwa mikanda yake kama mtu aliyebeba kuku wa soko, akazipeleka nyumbani kwake Sarang'ombe. Hapo alizisugua kwa sabuni ya kipande, akazianika juu ya mabati. Mwenye nyumba wake, Fatna, mama wa Kinubi aliyerithi vyumba vile kutoka kwa baba yake, alikuwa akimtazama Jumapili baada ya Jumapili akiwa ameketi kwenye cherehani yake mlangoni.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "wewe unafua hicho kitu mpaka kitatoboka, na bado hawatavaa. Watu hawakatai helmeti. Wanakataa kichwa cha mtu mwingine ndani yake."

"Sasa nifanye nini, Mama Fatna? Nimnunulie kila mtu yake?"

"Mimi nina vitambaa vinavyobaki."

Fatna hushona mavazi ya harusi na buibui za wanawake wa Makina, na mabaki ya pamba na hariri hujaa chini ya meza yake. Alianza kushona kofia nyepesi za kuvaa chini ya helmeti: laini, zenye mpira pembeni, zinazofunika masikio na kuzuia nywele zisisuguliwe. Nicanor alizibeba kwenye mfuko uliofungwa mbele ya pikipiki. Abiria alichagua rangi, akaivaa, na mwisho wa safari akaenda nayo. Kesho yake, ikiwa ana akili, alikuja akiwa nayo mkobani. Zilisaidia. Hata yule mwanamke wa suti alirudi akachagua ya zambarau, akadai inafanana na viatu vyake. Lakini wengi waliisahau nyumbani, wengine waliwapa watoto, na Nicanor akajikuta ameongeza sentensi moja juu ya ile aliyokuwa nayo: "Kofia yako iko wapi?"

Nilikuwa nimefikiri kwamba hadithi yake ingeishia hapo, katika mapambano hayo madogo ya kila asubuhi. Kisha mama mkwe wake akaja kutoka kijijini akiwa na macho yaliyofunikwa na ukungu.

Mama Shiundu ndiye mama ya Sella, mke wa Nicanor na mama ya mtoto wao, Brandon. Huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, Shiundu, anayeishi naye huko Kakamega. Macho yake yote mawili yalikuwa yamepata mtoto wa jicho. Hakuweza tena kuchambua mboga wala kumtambua mtu mlangoni mpaka asikie sauti. Sella aliulizia, akaelekezwa kwenye kliniki ya macho iliyo upande wa Kongo, Kawangware, ambako wazee hupasuliwa jicho moja kwanza, likipona ndipo wanafanyiwa la pili.

Mama alifika akiwa ametapika njia nzima. Mama Shiundu hawezi gari. Harufu ya viti peke yake humgeuza tumbo. Na daktari, alipomaliza kumpima, alisema jambo ambalo Nicanor alilirudia kwangu neno kwa neno: akishapasuliwa, asiiname, asijikaze, asitapike, na asigongwe kichwa hata kidogo, kwa sababu jicho jipya linaweza kuharibika likakosa dawa. Kwa hiyo gari halikufaa. Kutembea kutoka Sarang'ombe hadi Kawangware kwa jicho moja lililofungwa na jingine lenye ukungu hakukufikirika. Ilibaki pikipiki, iendeshwe polepole, na kichwa cha mama kilindwe kama yai.

Nani angekilinda vizuri kuliko Nicanor? Naye ndiye mtu mmoja tu ambaye hakuruhusiwa.

Kwao, mkwe wa kiume na mama ya mke wake hukaa mbalimbali kwa heshima. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake, na ndiyo sababu Fatna alimpa Mama Shiundu chumba kwake, akisema kwamba kwa Wanubi mama mkwe ni mama tu, na kitanda ni kitanda. Wakikutana kwenye njia nyembamba za Sarang'ombe, Nicanor hujibana ukutani akageuza uso mpaka mama apite. Kumketisha nyuma yake akiwa amemshika kiuno ni jambo ambalo wote wawili wasingeweza hata kulitamka. Kumgusa kidevu, basi tena.

"Sasa si mngeacha tu hayo mambo?" nilimuuliza, kwa haraka ya mtu aliyelelewa mjini. "Ni jicho, si sherehe."

Hakukasirika. "Yeye ndiye anaumwa," alisema. "Mimi nikivunja heshima, yeye ndiye atarudi kijijini na aibu. Atakuwa anaona vizuri, lakini ataona nini?"

Basi kazi alipewa Elvis, mwendeshaji mwenzake wa steji, kijana mzaliwa wa Kawangware, mwendo wake wa polepole ukijulikana na kuchekwa. Siku ya upasuaji, Sella alimfunga mama yake helmeti uani kwa Fatna, wakati Nicanor akiwa amesimama nyuma ya kona ya nyumba, akiongea na ukuta.

"Mwambie mama vidole viingie viwili, si vitatu."

"Mama, anasema viwili," Sella alipeleka ujumbe.

"Mwambie ameze mate."

"Mama, anasema umeze mate."

"Mwambie Baba Brandon," Mama Shiundu alijibu kwa sauti iliyopita kona bila msaada, "kwamba nilianza kumeza mate kabla baba yake hajanunua ng'ombe wa kwanza."

Fatna alicheka mpaka akaketi. Lakini mkanda ulifungwa sawasawa, Elvis aliendesha kama aliyebeba maji kwenye sahani, Nicanor akimfuata nyuma bila abiria ili magari yasiwakaribie, na upasuaji ulifanyika salama. Jioni mama alirudi na kikinga cha plastiki juu ya jicho. Fatna alikuwa amemshonea kofia pana zaidi, yenye nafasi upande huo, ili helmeti isiguse chochote.

Zilibaki siku za kurudi kuangaliwa. Ya kwanza ilipita vizuri. Ni ya pili ndiyo iliyowakwamisha barabarani.

Elvis ndiye aliyenisimulia, huku akijipiga paja. Asubuhi hiyo Mama Shiundu alikuwa amechangamka. Jicho lilikuwa limeanza kuona rangi, naye alikuwa akizitaja kwa sauti kila walipopita: bango jekundu, basi la kijani, mtu mwenye koti baya. Walipoingia Naivasha Road aliamua kumjua mtu anayembeba.

"Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni wa hapahapa, mathe. Kawangware."

"Hakuna mtu wa Kawangware. Babu yako alizikwa wapi?"

"Babu? Sijui sana, mathe. Nasikia Shinyalu."

"Shinyalu wapi? Aliitwa nani?"

Elvis alilitaja jina. Mama Shiundu alimsogelea sikioni. Kisha akauliza kama babu huyo hakuwa na ndugu aliyekuwa fundi wa milango, mwenye kidole kilichokatika. Elvis akasema ndiyo, hilo analikumbuka, mzee huyo aliwahi kuwatembelea.

"Simamisha hii kitu."

"Nini, mathe? Ni jicho?"

"Nimesema simamisha! Fundi wa milango ndiye baba ya baba yake Nicanor. Nyinyi ni nyumba moja. Wewe ni mkwe wangu!"

Elvis anaapa kwamba hakuwahi kujua. Yeye na Nicanor walikuwa wamegawana steji, mvua na chapati miaka yote hiyo, wakiitana "msee" na "buda", na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake jina la babu. Mjini nani huuliza? Lakini ingawa alizaliwa Kawangware, alikuwa amelelewa na mama wa Kiluhya, na alijua vya kutosha. Alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akashuka, akasogea mbali na kugeuza uso.

Nicanor, aliyekuwa akiwafuata, aliona pikipiki ya mbele imesimama, naye akafikiri jicho limepasuka. Alisimamisha yake akakimbia, halafu akakumbuka, akakomea ukingoni mwa mtaro.

"Elvis! Mama ana nini?"

Elvis alijibu upande wa kushoto, ule wa upepo. Ikabidi aseme tena kwa kelele, mpaka barabara nzima ikasikia kwamba yeye ni mkwe.

Hebu fikiria jinsi walivyoonekana. Mwanamke mzee mwenye kikinga cha jicho na helmeti kubwa alisimama peke yake kando ya pikipiki isiyo na mtu. Wanaume wawili wazima walikuwa wamesimama mbali naye, mmoja akiutazama ukuta wa gereji na mwingine akiutazama mtaro, wote wakiwa na nyuso za hatia. Rasharasha zilianza. Mama alikuwa ameufungua mkanda kwa hasira ili apumue. Mwanamke anayeuza sukumawiki mahali hapo, anayeitwa Njambi, aliacha kisu akaja.

"Mmemfanyia nini huyu mathe?"

"Hakuna," alisema Elvis.

"Hakuna, na mmejificha nyuso? Mmemwibia?"

"Ni mama mkwe wetu," Nicanor alisema, bado akiutazama mtaro.

"Wenu? Wote wawili? Mmeoa wasichana wake wangapi?"

Watu walianza kukusanyika, na mtu mmoja alishasema neno "mwizi", ambalo halirudi likishatoka barabarani. Nicanor alieleza. Alieleza kuhusu fundi wa milango, jicho, gari na kutapika, kwa sauti ileile ya uchovu anayoitumia kwa abiria. Njambi alimsikiliza mikono kiunoni. Alipomaliza, mwanamke huyo alitikisa kichwa.

"Na mtamwacha hapa anyeshewe kwa sababu ya heshima?"

"Usimtukane mkwe wangu," Mama Shiundu alisema ghafla. "Anafanya vizuri. Mwingine angenirusha tu kwenye pikipiki kama gunia."

Elvis anasema kwamba Nicanor aliposikia hivyo alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza mama kumtetea naye akiwapo, na hakuweza hata kumgeukia.

Njambi ndiye aliyemwita Kagiri, mwendeshaji wa steji ya karibu, Mkikuyu wa mji wa Kikuyu, mtu ambaye hakuna babu yeyote angeweza kumwingiza katika nyumba ya Shinyalu. Mama alimhoji hata hivyo. Alimuuliza habari za babu yake, na za mama ya babu yake, na Kagiri akajibu kila swali kwa adabu kana kwamba yuko kwenye mahojiano ya kazi. Alipopitishwa, ilibaki helmeti. Kagiri hakuwa na ya abiria, kwa hiyo ikatumika ileile. Njambi alimvua mama akamvisha upya, huku Nicanor akielekeza kutoka ng'ambo ya mtaro.

"Kofia ya ndani kwanza. Nafasi ikae upande wa jicho. Sasa mkanda. Vidole viwili."

"Vyangu ni vinene, kinatosha kimoja," alisema Njambi.

"Viwili, tafadhali."

Kagiri aliendesha polepole, Nicanor na Elvis wakifuata kwa mbali. Madereva walipiga honi wakiuliza kama ni msafara wa mheshimiwa. Daktari aliangalia jicho, akasema liko sawa kabisa, na kwamba baada ya miezi michache mama arudi kwa la pili.

Nicanor alinisimulia mwisho wa siku hiyo akiwa ameketi kwenye ngazi ya Fatna, mikono imening'inia kati ya magoti. Sijawahi kumwona amechoka namna ile. Helmeti zilikuwa zimelala karibu na beseni, na hakuwa amezigusa.

"Ninawafunga watu wasionijua," alisema. "Walevi. Watu wanaonitukana. Huyu mmoja tu ninayemtaka afike salama, siwezi. La pili litakuwaje? Nitatafuta Mkikuyu mwingine? Na mtaro mwingine?"

Fatna hakuinua uso kwenye cherehani. "Kwenu hakuna mlango wa kutokea?" aliuliza. "Kila nyumba ina mlango."

Upo. Ni mama mwenyewe aliyeutaja asubuhi iliyofuata, kupitia kwa Sella, huku akisubiri uji upoe. Kwao heshima hiyo inaweza kulegezwa. Mkwe huenda nyumbani kwa mama akiwa na blanketi, mama huchinja kuku, wazee wa pande zote mbili huketi wakashuhudia, mkwe humfunika mama blanketi mabegani, na mama humpa mkono. Baada ya hapo wanaweza kusalimiana, kula pamoja, na kusaidiana katika ugonjwa. Wengi hungoja hadi watoto wakue, na wengine hawafanyi kabisa. Mama Shiundu alisema hangoji. Alisema pia kwamba hapandi tena pikipiki ya mtu yeyote kwenda kwa lile jicho la pili isipokuwa ya mkwe wake, na kama heshima haijalegezwa, basi atakaa na moja. Sella alipompelekea Nicanor ujumbe huo, anasema, mume wake alikwenda kusimama nje kwa muda mrefu bila sababu yoyote.

Mama alirudi kijijini. Aliondoka alfajiri kabla ya kula, ndimu mkononi, ili basi lisimtapishe sana. Tangu hapo kumekuwa na mambo mengi ya kuchelewesha. Mzee mmoja alifiwa. Mahindi hayakukauka kwa sababu ya mvua, na hakuna anayeita wageni ghala likiwa tupu. Kliniki imepiga simu kuuliza, na Sella amewaomba wavumilie. Nicanor ameendelea na steji yake. Asubuhi hubishana na nywele na pua za watu, Jumapili huanika helmeti juu ya mabati, na Elvis, ambaye sasa anamwita "kaka" bila mzaha, humsaidia kuzisugua. Hata Morris ameacha kumcheka, ingawa helmeti yake bado iko kwenye msumari. Kila jioni Nicanor huuliza kitu kimoja mlangoni, kabla ya kuvua koti: "Shiundu amepiga?"

Shiundu alipiga Jumatatu. Wazee wamekubaliana. Ni Jumamosi hii.

Leo ni Jumatano. Blanketi lipo, la rangi ya maziwa lenye maua mekundu, Sella alilichagua sokoni Toi na kulificha juu ya kabati ili Brandon asilifungue. Tiketi za basi la Ijumaa zimekatwa, na Elvis naye anakwenda, kwa kuwa wazee wamesema watamlegezea heshima yeye pia. Nilipita kwao jioni kuwatakia safari njema. Nicanor alikuwa amekunja uso akijaribu viatu vyake vyeusi ambavyo hajavivaa tangu harusi ya mtu fulani.

"Sella," alisema bila kuinua kichwa, "mama husalimia namna gani? Hushika mkono wote, au vidole tu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Sijawahi kumshika."

Sella alimtazama, akacheka kidogo, akaendelea kukunja nguo za safari.

"Utajua Jumamosi," alisema.